Jinsi Sataranji ya Mabingwa Ifikavyo Bungu

Wachezaji wawili wa bao hawachezi peke yao. Wakisha kuketi barazani na kupanga kete zao, mara huja mtu wa kwanza akasimama, akaja wa pili, na kabla ya jua kupinda wamezungukwa na wazee na vijana. Hapana aulizwaye fedha ya kiingilio. Anyamazaye hukaa apendavyo, na asiyeweza kuuzuia ulimi wake hufukuzwa. Wajuzi wengi wa bao walijifunza hivyo, kwa kukodoa macho nyuma ya bega la fundi, kabla hawajaruhusiwa kugusa kete hata moja.

Sataranji nayo ni mchezo wa ubao wa watu wawili, lakini mafundi wake wakubwa hawaketi katika baraza za Tanga wala za Pangani. Huketi Singapore, au Budapest, au Saint Louis katika nchi ya Marekani. Na Bungu i wapi? I mlimani, katika Usambara, upande wa wilaya ya Korogwe, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huifunika migomba na njia ya kushukia bondeni ina kona nyingi. Je, mtoto wa Bungu atasimamaje nyuma ya bega la fundi aliye Singapore? Jambo hili lawezekana, tena bila kiingilio, na sababu yake kubwa ni kwamba mchezo wote wa sataranji waweza kuandikwa kwa herufi chache, nazo herufi ni mzigo mwepesi kuliko picha.

Sataranji ilitoka Bara Hindi, yapata miaka 1,400 iliyopita. Kutoka huko ilikwenda Uajemi, na Waarabu wakaipokea kwa Waajemi; jina lake la Kiswahili ni lile la Kiarabu lililolainishwa kidogo. Ubao wake una vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. (Huyo malkia, kwa Waarabu alikuwa waziri, na askofu alikuwa ndovu. Watu wa Ulaya ndio waliowabadili.) Atafutaye ushindi humzingira mfalme wa mwenziwe hata akose pa kukimbilia.

Basi, kila chumba cha ubao kina jina lake. Safu za kwenda mbele zimepewa herufi a mpaka h, kuanzia mkono wa kushoto wa mchezaji mwenye kete nyeupe; safu za kukingama zimepewa namba 1 mpaka 8, kuanzia upande wake huyo huyo. Chumba kilicho katika safu ya e na safu ya 4 huitwa e4. Kete nazo zina herufi zao, zilizotoka katika Kiingereza: K ni mfalme, Q ni malkia, R ni ngome, B ni askofu, na N ni farasi. Askari hana herufi. Chumba aendacho kikiandikwa peke yake, yafahamika kuwa ni yeye. Alama ya x yaonyesha kwamba kete imekula nyingine, + kwamba mfalme anatishwa, na # kwamba mfalme amefungwa na mchezo umekwisha. Mwishoni huandikwa 1-0 ikiwa mweupe ameshinda, 0-1 ikiwa mweusi ameshinda, na ½-½ ikiwa wametoka sare.

Hayo ndiyo alfabeti yote, isipokuwa mambo madogo mawili matatu yajifunzwayo njiani. Mwanafunzi aliyeweza kujifunza kusoma hawezi kushindwa na haya. Na ajaribu mchezo huu mfupi kwa ubao uliochorwa juu ya kipande cha boksi, kete zake zikiwa vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi: 1. e4 e5 2. Bc4 Nc6 3. Qh5 Nf6 4. Qxf7#. Akiisha kuzisogeza kete kama ilivyoandikwa, ataona jinsi mweusi alivyomtoa farasi kwa haraka, asione hatari iliyomkabili, na malkia akaingia nyumbani mwake. Mchezo mzima haukujaza mstari mmoja.

Kwa maandishi ya namna hii watu walifuata sataranji ya mabingwa zamani kabla ya kuwako intaneti. Mwaka 1972 Bobby Fischer wa Marekani alipopambana na Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti mjini Reykjavik, katika kisiwa cha Iceland, magazeti ya nchi nyingi yalichapa hatua za kila mchezo. Msomaji aliuweka ubao wake mezani akaucheza upya. Lakini aliucheza baada ya siku moja au zaidi. Na kwa mtu akaaye mlimani, gazeti lilipomfikia, huenda wachezaji walikuwa wamekwisha kucheza mchezo mwingine.

Siku hizi hatua hazingoji gazeti. Katika mashindano makubwa ubao wenyewe hutambua kete. Chini ya kila kete kuna kitu kidogo kinachoutambulisha ubao kwamba hii ni ngome, na huyu ni farasi. Kete ikiinuliwa na kuwekwa mahali pengine, ubao huipeleka habari hiyo kwenye kompyuta, na kompyuta huipeleka katika intaneti. Mchezaji hana kazi ila kucheza. Mara nyingine ubao hukosea, hasa mwisho wa mchezo. Kuna desturi ya kuwasimamisha wafalme wote wawili katikati ya ubao, ili kompyuta ijue nani ameshinda. Na mtazamaji asiyeijua desturi hiyo hushangaa kuona wafalme wameruka ghafula mpaka katikati, akadhani mabingwa wameingiwa na wazimu.

Mahali pa kuzitazama hatua hizo bila malipo ni pengi, lakini yatosha kujua machache yaliyo amini. Pa kwanza ni Lichess. Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa aitwaye Thibault Duplessis, nayo huendeshwa kwa sadaka za wapendao mchezo huu. Haina matangazo ya biashara wala haina mlango uliofungwa kwa wasiolipa. Mtu akiandika lichess.org/broadcast katika simu au kompyuta, huona mashindano yanayochezwa saa ile na yale yaliyokwisha. Hatakiwi kujiandikisha ili atazame. Pa pili ni Chess.com, iliyoanza mwaka 2007. Hiyo ni kampuni ya biashara, na huuza mafunzo kwa wanaotaka, walakini hatua za mashindano makubwa huziweka wazi katika chess.com/events. Tena lipo Shirikisho la Sataranji la Dunia, liitwalo FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924. Mashindano yake makubwa huonyeshwa kwa picha katika YouTube, pamoja na mafundi wanaoeleza maana ya kila hatua. Chama cha sataranji cha Saint Louis nacho hufanya vivyo hivyo kwa mashindano ya mji wake. Mtu akikuta maelezo ya zamani yanayomtuma chess24, na ajue kwamba mahali hapo palifungwa mwaka 2024.

Sasa neno hili, bure, lataka kuangaliwa vizuri. Atazamaye hamlipi mwenye mashindano, lakini humlipa mwenye mtandao wa simu, kwa kuwa kifurushi cha intaneti, au bando kama wengi wasemavyo, hununuliwa kwa fedha. Hapa ndipo wepesi wa herufi uonekanapo. Mchezo wa hatua 40 huandikwa kwa herufi mia nne au mia tano hivi, yaani pungufu ya ukurasa mmoja wa kitabu hiki. Ijapokuwa ukurasa wa Lichess una mambo mengine ya kupakua mara ya kwanza, yote pamoja ni megabaiti chache tu, na baada ya hapo kila hatua huja kama punje ya mtama. Lakini picha za video ni gunia. Saa moja ya video nzuri yaweza kula mamia ya megabaiti, na mchezo wa mabingwa waweza kuendelea saa nne, tano, hata sita.

Mathalan, mtoto ameazimwa simu ya baba yake siku ya Jumamosi. Ndani yake mna kifurushi kidogo alichonunua baba ili apate habari za bei ya mboga kutoka Mombo na Korogwe. Mtoto akafungua video, akamtazama bingwa aliyeshika tama akifikiri kwa dakika ishirini bila kusogeza kitu, na kifurushi kikaisha kabla askari wa tatu hajatoka. Hakujifunza sataranji, na baba yake hakupata habari ya bei. Mwenziwe aliyefungua ukurasa wa hatua tu angeufuata mchezo wote mpaka jioni, na kifurushi kingebaki. Tena huyu wa pili ana faida nyingine. Mtandao ukikatika kwa mvua, kama ukatikavyo milimani, hapotewi na neno. Anayesikiliza mpira kwa redio, bao likifungwa wakati redio imezimika, limempita. Lakini hatua za sataranji zimeandikwa zote tangu ya kwanza, na mtandao ukirudi huzikuta zikimngoja kwa mpango wake. Video na zitazamwe na wengi pamoja, penye kompyuta ya shule na intaneti isiyopimwa kwa kifurushi.

Jambo la saa nalo huwakosesha wengi. Mashindano hutangazwa kwa saa za mji yanapochezwa. Mwaka 2024 ubingwa wa dunia uligombewa Singapore, na michezo ilianza saa kumi na moja ya jioni kwa saa za huko. Saa za Singapore ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tano. Kwa hiyo jioni yao ilikuwa saa sita ya mchana huku Bungu. Mwaka huo huo timu za mataifa zilikutana Budapest mwezi wa Septemba, na huko tofauti ilikuwa saa moja tu. Bali Saint Louis, wakati wa kiangazi chao, adhuhuri yao ni saa mbili ya usiku wa Tanzania. Na mtoto mwenye kwenda shule asubuhi afadhali alale, akaisome michezo hiyo kesho yake. Haitakuwa imeharibika.

Mtu aliyeufuata ubingwa ule wa Singapore kwa herufi tu aliona jambo ambalo hatalisahau. Ding Liren wa China alikuwa bingwa, na mpinzani wake alikuwa Gukesh Dommaraju wa India, kijana wa miaka 18, mzaliwa wa Chennai. Walikuwa wamecheza michezo 13, na kila mmoja ana pointi sita na nusu. Uliobaki ulikuwa mmoja, nao ulichezwa tarehe 12 Desemba 2024. Ding alikuwa na kete nyeupe. Saa zilipita, kete zikaliwa moja moja, hata zikabaki chache. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi, lakini kila mjuzi alisema ya kuwa askari huyo hatoshi kuleta ushindi, na kwamba mchezo utatoka sare. Ndipo katika hatua ya 55 zikatokea herufi hizi: Rf2. Ding ameisogeza ngome yake katika chumba cha f2.

Aliyekuwa na ubao mbele yake na ausogeze ngome, aone. Ngome ya Gukesh iliila ngome ile, na mfalme wa Ding akaila yake. Kisha Gukesh akamsogeza askofu wake mpaka d5, akamkabili askofu wa Ding, naye hakuwa na mahali salama pa kukimbilia. Maaskofu nao wakaliana. Wakabaki wafalme na askari peke yao, na hapo askari mmoja zaidi si jambo dogo tena. Baada ya hatua ya 58 Ding alikubali kwamba ameshindwa, na katika simu za watazamaji ikaandikwa 0-1. Gukesh akawa bingwa wa dunia asiyebishaniwa aliye mdogo kuliko wote waliomtangulia. Garry Kasparov, aliyekuwa na sifa hiyo tangu 1985, aliupata ubingwa akiwa na miaka 22. Herufi moja ya kete, herufi moja ya safu, na namba moja: katika hizo tatu mtu mmoja alipoteza ubingwa na mwingine akaupata.

Kando ya ubao wa matangazo mara nyingi husimama mstari mweupe na mweusi, upandao na kushuka kama zebaki katika kipima joto. Huo ni hukumu ya kompyuta juu ya nani aliye mbele. Rf2 ilipotokea, mstari ule uliruka saa ile ile, na watu wasiojua hata farasi aendavyo wakacheka wakasema, "Kwa nini bingwa hakuona?" Hawakuona wao, waliambiwa. Mstari huo waweza kuzimwa, na mwanafunzi atakaye kujua mchezo na auzime, aseme kwanza moyoni mwake hatua ambayo yeye angeicheza, ndipo angoje ya bingwa. Asipofanya hivyo, kutazama kwake hakuna tofauti na kutazama magari yakipita.

Katika mashindano mengine hatua hazitolewi papo hapo, bali hucheleweshwa kwa dakika kadhaa, mara nyingi 15. Mtazamaji hudhani mtandao wake umekufa. Sivyo. Wenye mashindano wanaogopa mtu wa nje mwenye kompyuta asije akamnong'oneza mchezaji. Ni ile ile sheria ya barazani ya kumfukuza asiyeweza kuuzuia ulimi.

Uhuru huu wa kutazama karibu uzuiliwe. Mwaka 2016 Magnus Carlsen wa Norway na Sergey Karjakin wa Urusi waligombea ubingwa mjini New York. Kampuni iliyoandaa mashindano hayo ilitaka hatua zionekane kwake peke yake wakati wa mchezo, ikaenda mahakamani kuwazuia wengine wasizionyeshe. Mwezi wa Novemba jaji wa New York alikataa kutoa amri hiyo. Hatua ikisha chezwa mbele ya watu ni habari ya jambo lililotokea, kama matokeo ya mpira, na habari ya namna hiyo haina mwenyewe. Lakini picha za video na sauti za waelezaji ni kazi ya mikono ya watu, nazo zina wenyewe. Kwa hiyo kuna tofauti kati ya kuzisoma hatua katika Lichess na kutazama video iliyoibwa kutoka kwa waliyoitengeneza. Tena wezi hao wa video mara nyingi ni wezi wa mambo mengine. Ukurasa ukisema kwamba sataranji ni bure, kisha ukataka namba ya siri ya pesa za simu, au ukamtaka mtu apakue programu asiyoijua, na ufungwe mara moja, na mwenye simu aambiwe. Hakuna hatua ya sataranji iliyopata kuhitaji namba ya siri ya mtu.

Walioufuata mchezo huu kutoka mahali pa shida hawakosi katika Afrika Mashariki. Katika Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji, akiwapa na uji. Phiona Mutesi alimfuata kaka yake huko, na kilichomvuta kwanza ulikuwa ule uji. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika mashindano ya mataifa mjini Khanty-Mansiysk, katika Siberia, nchi ya theluji. Mwaka 2012 alicheza tena Istanbul, akapata cheo katika FIDE. Habari zake zilifanywa filamu mwaka 2016. Walakini filamu hiyo haionyeshi kila hatua aliyocheza, na hatua zake za Siberia na Istanbul zimehifadhiwa pamoja na za mabingwa, wazi kwa kila mtu, zile alizoshinda na zile alizoshindwa.

Mashindano hayo ya mataifa hufanywa kila miaka miwili. Uganda na Kenya zilikuwako Budapest mwaka 2024, na katika ukurasa ule ule wa matangazo meza zao ziliorodheshwa pamoja na za India, iliyotwaa medali za dhahabu za wanaume na za wanawake. Mtoto wa Bungu akitaka kujua Mkenya amechezaje na farasi wake mchana huo, huligusa jina lake, na ubao hufunguka.

MASWALI

1. Kwa nini mtandao ukikatika mtazamaji wa sataranji kwa herufi hapotewi na kitu?
2. Eleza maana ya Nxe5, Qh4+ na ½-½.
3. Mchezo utaanza Budapest saa tisa ya alasiri, wakati tofauti ni saa moja. Bungu itakuwa saa ngapi? Je, ukichezwa Singapore kwa saa hiyo hiyo ya huko?
4. Jaji wa New York alitenga kitu gani na kitu gani?
5. Chora ubao, uandike majina ya vyumba vyote 64, kisha ucheze mchezo ule wa hatua nne. Mweusi angecheza nini katika hatua ya tatu ili asifungwe?